Mchezo wa kompyuta bila mshahara: juu ya nini ekipe nyingi zinavunjika na chache zinadumu

Tarehe 30 Januari 2025, siku tatu baada ya AFC/M23 kutangaza kwamba imeshika mji wa Goma, habari moja ndogo ilipita ambayo mkaaji wa Kivu hakuwa na muda wa kuisikia. Watu waliotawanyika katika inchi mbalimbali, wengi wao hawajaonana hata siku moja uso kwa uso, walitoa toleo la 27 la mchezo wa kompyuta unaoitwa 0 A.D. Ni mchezo wa falme za zamani: kujenga miji, kulima, kuchunga, kupigana. Mwaka 2018 waliongeza humo ufalme wa Kushi, ule wa watu weusi wa mtoni Nile, katika Sudani ya leo. Mchezo haulipishwi. Na wale wanaoutengeneza, karibu wote, hawalipwi. Mchana kila mmoja yuko na kazi yake ao masomo yake, mangaribi anafungua mashini na kuendelea pale alipoachia jana.

Kazi hiyo ilianza kufikiriwa mwaka 2001. Zaidi ya miaka 20 imepita. Kuna ndoa zilizofungwa na kuvunjika ndani ya muda huo, kuna inchi zilizobadilisha serikali mara tano, na mchezo ungali unaendelea.

Kwa wanafunzi wa informatike wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Kindu, habari hiyo iko na maana kuliko inavyoonekana. Kila mwaka vyuo vya mashariki vinatoa vijana wanaojua kuandika programu na hawapati kazi ya kuandika programu. Wengi wanacheza michezo kwenye telefone tangu utoto, na wengine wanaanza kujiuliza: juu ya nini hakuna mchezo wenye barabara zetu ndani, chukudu ndani, ziwa ndani, lugha yetu ndani? Wanajikusanya watano, sita, wanane. Mmoja anajua programu, mwingine anachora, mwingine anapiga kinanda kanisani. Wanafungua kikundi cha WhatsApp, wanatia jina na nembo. Miezi mitatu baadaye kikundi kinabaki cha kutakiana sikukuu njema.

Akili haikosekani pale. Kinachokosekana mara nyingi ni namna ya kuongoza watu ambao hauwalipi, na hiyo ni kazi ya pekee yenye sheria zake. Mtu aliyeongoza duka ao ofisi haijui kwa sababu tu ni mkubwa.

Neno "bure" liko na uzito gani

Huku mashariki neno "bure" halisikilizwi sawa na kule Ulaya ao Kanada. Mtu wa Berlin akisema anajitolea, kwa kawaida mshahara wake unatoka mahali pengine na chakula cha mangaribi kipo. Kijana wa Katindo, wa Kadutu ao wa Mudzipela anajua aina nyingine ya kujitolea. Anajua mwalimu aliyefundisha miaka bila jina lake kuingia kwenye listi ya mshahara ya serikali. Anajua wale wa relais wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo na kurudi na tisheti. Anajua staji inayoongezwa kila miezi mitatu bila mwisho. Kwa hiyo kiongozi wa ekipe akisema "tufanye kwanza, pesa itakuja", kijana huyo amekwisha kuisikia hiyo sauti. Ataitika kwa mdomo, na moyoni ataanza kuhesabu.

Ndiyo maana kosa la kwanza la viongozi wengi ni kuahidi. Ekipe za michezo zilizodumu duniani zilisema wazi siku ya kwanza: hakuna pesa, na pengine haitakuwako kamwe. Kisha zilisema kile ambacho mtu anaweza kubeba kwenda nacho: ufundi aliojifunza, jina lake likiandikwa kwenye mchezo, kazi ambayo anaweza kuonyesha siku ya kutafuta ajira, na furaha ya kuona kitu kinatembea kwenye kioo. Kwa kijana asiye na kazi, vitu hivyo si vidogo. Lakini lazima vipatikane kweli. Kama jina la mchoraji halionekani popote na jina la kiongozi linaonekana kila mahali, huo si tena mchezo wa kujitolea. Ni kazi ya bure kwa faida ya mtu mmoja, na huku watu wanaitambua haraka.

Jambo la pili ni kwamba kiongozi wa namna hii hana fimbo. Hawezi kukata mshahara, hawezi kufukuza mtu mwenye faida. Mtu aliyechoka haandiki barua ya kuacha kazi. Anaacha tu kujibu. Ujumbe unafika, alama mbili za buluu zinaonekana, kimya. Viongozi wengi wanakasirika hapo na kuandika maneno makali mbele ya kikundi chote, na siku hiyo hiyo wanapoteza watu wengine wawili waliokuwa bado wanafanya kazi.

Wenye uzoefu wanafanya kinyume. Wanapima kazi kwa ukubwa wa mangaribi moja. "Tengeneza muziki wa mchezo" ni kazi ambayo haina mwanzo wala mwisho, na mtu ataiogopa. "Sauti ya mlango unafunguka, sekunde mbili, kufikia siku ya posho" ni kazi ambayo mtu anaimaliza, anapewa asante, na anataka nyingine. Na kama hakuimaliza, mwingine anaweza kuichukua bila matata, kwa sababu ilikuwa ndogo. Sehemu kubwa ya kazi ya kiongozi ni hiyo ya kukata mti mkubwa kuwa kuni za kubebeka. Haionekani, haipigwi picha, na vijana wengi wanaojiita "directeur" wa mchezo hawaipendi. Wanapenda kuwa mtu wa mawazo. Ekipe yenye mtu wa mawazo asiyegusa kazi haipiti miezi mitatu, na pengine miezi mitatu ni mingi.

Namna 0 A.D. ilivyobaki hai

Kikundi cha 0 A.D. kinajiita Wildfire Games. Mwanzoni walitaka tu kugeuza mchezo mwingine uliopendwa sana, Age of Empires II. Mwaka 2003 walikata shauri wajenge wa kwao tangu msingi. Miaka ikapita, kazi ikawa imefungiwa ndani ya kikundi, watu wakaanza kupungua. Mwezi wa 7 mwaka 2009 walifanya jambo ambalo viongozi wengi wanaliogopa: walifungua kila kitu. Programu iliwekwa chini ya leseni ya GPL, michoro na muziki chini ya leseni ya Creative Commons. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kusoma programu yao, kuibadilisha, kuigawa, mradi tu naye aache mlango wazi vilevile.

Faida ya kwanza ni kwamba watu wapya waliweza kuingia bila kuomba ruhusa. Faida ya pili ni kubwa zaidi, na ndiyo inayogusa moja kwa moja maisha ya ekipe za huku: hakuna mtu anayeweza kuondoka na mchezo. Viongozi wa 0 A.D. wamebadilika mara nyingi. Kila mmoja alipoondoka, kazi ilibaki mezani. Mtu aliyechora ngome mwaka 2010 na kuacha ekipe, ngome yake ingalipo, na jina lake lingalipo.

Walijaribu pia kutafuta pesa. Mwaka 2013 waliomba watu wa dunia nzima, kupitia intaneti, wachange dola 160 000 ili waweze kulipa watu wachache wafanye kazi ile kila siku. Walipata zaidi kidogo ya dola 33 000. Ekipe nyingine ingeona haya na kufungwa. Wao walichukua kilichopatikana, wakalipa mtengeneza programu kwa muda, wakaendelea kwa mwendo wa zamani. Na jambo la kuangalia sana: pesa hiyo haikai kwenye akaunti ya kiongozi. Inashikwa na shirika lisilo la faida la Marekani, Software in the Public Interest, ambalo kazi yake ni kuwashikia pesa miradi ya aina hiyo.

Wakaaji wa mashariki hawahitaji kufundishwa hilo. Kila mama wa AVEC anajua kwamba sanduku la kikundi liko na kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku halifunguliwi ila mbele ya wanamemba. Vijana wa informatike mara nyingi ni watoto wa mama hao hao. Lakini wakianza ekipe ya mchezo, neno la siri la akaunti linakaa kwa mtu mmoja, programu yote iko kwenye mashini ya mtu mmoja, na siku mashini hiyo inaibiwa ao mwenyewe anakimbilia Kampala, kazi ya watu wanane inakwisha kwa siku moja.

Si kwamba 0 A.D. imekwenda bila shida. Kati ya mwezi wa 5 wa 2018 na mwezi wa 2 wa 2021 hakuna toleo hata moja lililotoka. Karibu miaka mitatu. Kutoka Septemba 2022 mpaka Januari 2025, tena zaidi ya miaka miwili. Watu waliosubiri walilalamika. Kiongozi wa watu wanaojitolea hawezi kuahidi tarehe namna kampuni inavyoahidi, na kila anapojaribu anaumia. Na upande mwingine, ekipe isiyo na tarehe yoyote inalala. Hakuna ekipe inayojulikana iliyopata dawa kamili ya jambo hili. Iliyo karibu na dawa ni kutoa vipande vidogo mara nyingi, hata kama havijapendeza, ili watu waone kwamba jasho lao limetoka nje ya mashini.

Kujenga kwenye parsele ya mtu mwingine

Kuna njia nyingine inayopendwa na wanaojitolea: kuchukua mchezo wa kampuni kubwa na kuugeuza, kuweka ndani yake mji mwingine, watu wengine, hadithi nyingine. Ni njia ya haraka kwa sababu nyumba imekwisha kusimama. Lakini parsele si yako.

Ekipe ya Fallout: London ilionja hilo. Walitengeneza, bila mshahara, mji mzima wa London ndani ya Fallout 4, mchezo wa kampuni ya Bethesda uliotoka mwaka 2015. Walitangaza kwamba kazi yao itatoka tarehe 23 Aprili 2024. Kampuni nayo ikatangaza kwamba tarehe 25 Aprili itabadilisha mchezo wake. Hakuna ubaya uliokusudiwa, lakini mabadiliko yale yangeweza kuvunja kazi ya miaka. Ekipe ikarudisha tarehe nyuma, na kazi ikatoka tarehe 25 Julai 2024. Kabla ya hapo, wakati kazi ingali katikati, baadhi ya watu wao walichukuliwa kwenda kufanya kazi ya mshahara katika tasnia ya michezo. Kwa kijana aliyechukuliwa ni baraka. Kwa kiongozi ni mkono uliokatwa, na hana haki ya kulalamika, kwa sababu hiyo ndiyo faida aliyowaonyesha watu siku ya kwanza.

Black Mesa nayo ilipita njia ndefu. Ilianza mwaka 2004, wakati ekipe mbili zilizokuwa zinafanya kazi ile ile zilikubali kuwa moja (jambo la nadra, kwa kawaida kila shefu anabaki na kikundi chake). Ilitoka bila malipo mwaka 2012. Kisha kampuni ya Valve, mwenye parsele, ikawapa ruhusa ya kuuza, na mchezo kamili ukatoka Machi 2020. Miaka 16. Kilichowaokoa ni kwamba mwenye parsele alikuwa na moyo mwema kwao. Si kila mwenye parsele yuko hivyo, na mtu wa Goma ao wa Bunia hahitaji kuelezwa zaidi habari ya kujenga mahali ambapo hati iko kwa mwingine.

Hata chombo cha kujengea kinaweza kuwa parsele ya mtu. Tarehe 12 Septemba 2023, kampuni ya Unity, ambayo programu yake inatumiwa na watengenezaji wengi sana wa michezo ya telefone, ilitangaza kwamba itaanza kutoza pesa kila mara mchezo unapowekwa kwenye mashini mpya, ukishapita kiwango fulani. Kelele zilikuwa nyingi. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2024, kampuni iliondoa mpango huo. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kuhamia Godot, chombo kilichotengenezwa kwanza na watu wawili wa Argentina, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2014. Godot hailipishwi, na hakuna anayeweza kuja kesho kudai kodi.

Kwa huku mashariki Godot iko na faida nyingine ambayo watu wa Ulaya hawaihesabu: uzito wake. Kifurushi chake ni chini ya megabaiti 100, kitu ambacho mtu anaweza kushusha kwa unite za kawaida ao kupokea kwa flashi kutoka kwa rafiki. Inaweza hata kutumiwa kwenye telefone ya Android. Mtego mmoja tu: ili kugeuza kazi iwe mchezo kamili wa kugawa, Godot inaomba kifurushi cha pili, na hicho kiko karibu na gigabaiti moja. Ekipe yenye akili inakishusha mara moja, mahali penye konekisio nzuri, na kukizungusha kwa flashi.

Mfano ulio karibu: Yaoundé

Mtu anaweza kusema: hao wote ni watu wa inchi zenye umeme. Basi kuna Kameruni. Mwaka 2003, mwanafunzi wa informatike wa Yaoundé, Guillaume Olivier Madiba, alianza na marafiki mchezo wa kujifurahisha, hadithi ya mfalme wa Kiafrika anayepokonywa kiti chake. Kwa miaka kumi ilikuwa kazi ya mangaribi na ya siku ya yenga. Desemba 2013 wakafungua studio, Kiro'o Games. Mabenki hayakuwa tayari kukopesha vijana wanaosema wanataka kutengeneza michezo, kwa hiyo waliuza hisa ndogo ndogo kwa watu wa kawaida kupitia intaneti, na mwaka 2015 wakaomba mchango wa dunia nzima. Mchezo, Aurion: Legacy of the Kori-Odan, ulitoka Aprili 2016. Umeme wa Yaoundé ulikuwa ukikatika, wakati mwingine kwa siku, na kazi ilisimama ao iliendelea kwa jenereta.

Katika hadithi hiyo, watu wanapenda kusimulia mwisho, ule wa studio. Sehemu inayofaa zaidi kwa ekipe ya Uvira ao ya Beni ni ile miaka kumi ya kwanza, wakati hapakuwa na kitu. Marafiki hao hawakungoja pesa ndipo waanze, na pia hawakujifanya kampuni kabla ya wakati. Siku walipovuka kutoka urafiki kwenda kampuni, kulikuwa karatasi na hisa, na kila mtu alijua yuko na sehemu gani. Huko ndiko ekipe nyingi zinafia: si wakati wa njaa, ni wakati franga ya kwanza inaingia na hakuna aliyeandika ni ya nani.

Sasa huku

Hali ya mashariki inaongeza mambo ambayo kiongozi wa Berlin hayafikirii. La kwanza ni kutawanyika. Tangu mwanzo wa 2025 vijana wengi wa Goma na Bukavu wamejikuta Kinshasa, Kisangani, Kampala, Bujumbura, Nairobi, ao katika makambi ya wakimbizi. Kwa ekipe ya mpira hiyo ni mwisho. Kwa ekipe ya mchezo wa kompyuta si lazima iwe mwisho, maana 0 A.D. imeishi miaka yote hiyo na watu waliotawanyika. Lakini inataka maandalizi kabla ya siku ya kukimbia. Chombo kinachoitwa Git, ambacho waandishi wa programu wanakitumia kila mahali, kinampa kila mwanamemba nakala kamili ya kazi na historia yake yote, na anaweza kufanya kazi siku nyingi bila intaneti, kisha kutuma mabadiliko tu. Mabadiliko ya programu ni mepesi kuliko picha moja ya WhatsApp. Michoro na muziki ndiyo mizito, na hiyo inaweza kupita kwa flashi.

La pili ni saa. Mikutano ya ekipe nyingi inafanywa mangaribi, watu wakitoka kazini ao masomoni. Katika karitie ambapo hakuna anayetembea baada ya saa kumi na mbili, hiyo inamaanisha wasichana hawako. Hakuna aliyewafukuza, saa ndiyo iliyowafukuza. Ekipe inayoandika maamuzi yake, mistari mitano tu baada ya kila mkutano, inawapa nafasi wale wasiokuja, na vilevile wale ambao siku hiyo umeme uliwakatikia. Ile inayoamua kwa mdomo, kwenye kibanda cha bia, itabaki ya watu wanne wanaokunywa pamoja.

La tatu ni ukubwa wa ndoto. Kijana anayeanza anataka mchezo kama GTA, na mji wa Bukavu mzima ndani. Mchezo wa namna hiyo unatumikisha mamia ya watu wanaolipwa kwa miaka. Ekipe ya watu sita inaweza kumaliza, kwa miezi minne, mchezo wa mashimo na mbegu, ule ambao wazee wanauita igisoro ao kisolo kufuatana na mahali, ukiwa na sauti nzuri na sheria zilizoelezwa kwa Kiswahili. Ni mdogo, lakini umekwisha. Kila mwaka, mwezi wa kwanza, Global Game Jam inawaomba watu wa dunia nzima kutengeneza mchezo kwa siku chache tu. Ilianza 2009. Wengi wanaoshiriki wanatoa kitu kibaya, na wanatoka wakiwa wamejifunza kumaliza.

Kuna ulazima mwingine wa ndoto hizo, kando ya ajira. Mwaka 2011 kikundi cha Italia, Molleindustria, kilitoa mchezo wa telefone unaoitwa Phone Story, unaoanza na watoto wanaochimba koltani Kongo chini ya bunduki. Apple iliutoa dukani kwake upesi. Ulikuwa mchezo wenye hasira ya haki, lakini ndani yake Mkongomani ni mtoto anayechimba, basi. Wengine wataendelea kusimulia mashariki namna wanavyoiona, mpaka ekipe za hapa zimalize kitu.

Mwisho wa kazi kunabaki swali la kuutoa mchezo. Kwenye itch.io mtu anaweka mchezo bila kulipa. Steam inaomba dola 100 kwa kila mchezo, na inazirudisha mchezo ukishaingiza dola 1 000. Google Play, ambako wachezaji wa telefone wa huku wako, inaomba dola 25 mara moja tu. Lakini akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza ionyeshe watu 12 waliojaribu mchezo kwa siku 14 mfululizo. Watu 12 si shida katika karitie. Shida ni kwamba akaunti hiyo inafunguliwa kwa jina la mtu mmoja, na kitambulisho chake, na namba yake. Benki za biashara za Goma na Bukavu zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, hata yule mwenye akaunti ya benki alijikuta anategemea pesa za simu ao ndugu aliye ngambo ya mpaka. Kwa hiyo ekipe inapaswa kuamua mapema, wakati mchezo haujaingiza hata franga moja na watu wangali wanapendana: akaunti itakuwa kwa jina la nani, nani mwingine wawili watajua neno la siri, pesa ikiingia itagawanywa namna gani, na yule aliyeacha ekipe mwezi wa tatu kwa sababu alikimbia vita, sehemu yake itakuwa ngapi. Karatasi moja inatosha, sahihi za wote chini, na nakala moja kwenye telefone ya kila mmoja.